Plasta Kwenye Boksi la Sindano

4 Machi

Mvua imewahi mwaka huu, na dari ya maabara imeanza kuvuja palepale, juu ya kiti cha kutolea damu. Mkuu wa maabara ameweka ndoo na kusema ni kwa muda tu. Ndoo hiyohiyo ilikuwa ya muda mwaka jana.

Mama anasema naongea peke yangu jikoni, na majirani wataanza kunihurumia. Basi kuanzia leo nitaongea na hili daftari. Halijibu na halinikatizi.

6 Machi

Nimesifiwa mbele za watu! Lazima niandike kabla sijasahau jinsi Mkuu alivyotamka.

Habari yenyewe ni maboksi ya sindano. Ni ya karatasi ngumu, yana tundu juu, na ubavuni yamechorwa mstari kwenye robo tatu. Ukishatoa damu unaitumbukiza sindano mle, na zikifika kwenye mstari unalifunga boksi linapelekwa tanurini kuchomwa. Mapya hayajaja kwa sababu barabara imekatika. Mwenzangu wa zamu, ambaye tunamwita Redio kwa kuwa hazimiki, hufunga boksi hata mstari haujaguswa. Mimi nina ufundi wangu. Nalitikisa kidogo, sindano zinalala, kisha nazikandamiza kwa mpini wa koleo mpaka panapatikana nafasi tena. Boksi langu linadumu mara mbili ya lake.

"Kwani wewe unafanyaje?" Mkuu aliuliza.

"Mkono mwepesi tu, Mkuu."

Alicheka, akatangaza kuwa mtu anayejua kutunza vifaa ndiye anayefaa kuwa msimamizi wa usalama wa maabara. Wakaguzi wanakuja mwezi ujao, na mimi ndiye nitakayewatembeza. Nimepewa beji. Redio amesema inanipendeza, na nikaiona sura yake wakati anasema. Nimevimba kichwa, sikatai.

9 Machi

Vikombe viwili vya mkojo vimevuja kwenye trei kwa sababu vifuniko havikukazwa. Redio alitaka kupangusa palepale kwa kitambaa kikavu. Nikamwonyesha: vaa glovu, funika kwa karatasi, mwagia klorini kutoka pembeni kwenda katikati, subiri, ndipo upanguse. Alisema, "Sawa, mheshimiwa beji." Nilicheka kwa midomo tu.

12 Machi

Nimwandike Mjomba, maana nimeona nimemsahau humu kama tunavyomsahau wote hadi ndoo za taka zijae.

Si mjomba wangu wa damu. Ndiye mhudumu anayebeba taka zetu hadi tanurini, nyuma ya jengo. Wiki yangu ya kwanza kazini niliangusha kishikizi kizima cha kusimamishia chupa za damu, nikaenda kulia nyuma ya tanuri nikidhani hakuna mtu. Yeye alikuwepo, ameshika koleo la majivu. Akaniambia, "Mpwa, chupa huvunjwa na wanaozishika. Futa kamasi urudi ndani." Tangu siku hiyo ni mjomba na mpwa. Wengine wote wenye makoti meupe anawaita "daktari", hata Redio. Mimi peke yangu ndiye mpwa.

Alifiwa na mke zamani, akakaa mjane miaka mingi. Mwaka jana ameoa fundi cherehani, mama mmoja mwenye maneno machache na jicho kali la kuona mshono uliopinda. Mjomba amenawiri. Kola zake zinapigwa pasi mpaka zinakata. Huyo mkaza-mjomba ndiye aliyenishonea mfuko wa koti langu la kazini, akakataa shukrani ndefu. "Usiujaze makorokoro tu," alisema.

17 Machi

Tone la dari limekosa ndoo likalowanisha boksi la sindano upande wa chini. Kona imelegea kama mkate uliochovywa. Boksi jipya hakuna, na wagonjwa wamepanga foleni hadi nje. Nimelizungushia plasta nyeupe, raundi kadhaa, nikakata vizuri kwa mkasi. Limekaa imara. Bado nimepata nafasi ya sindano za siku mbili.

19 Machi

Mwandiko wangu leo nauona si wangu.

Mchana Mjomba alikuja kuchukua taka. Boksi lilikuwa limejaa kabisa, nikalifunga mwenyewe na kumpa, bila kusema ni la nani kati yangu na Redio. Mvua ilikuwa inanyesha, akalibana pajani ili lisilowe zaidi, akakimbia. Muda mfupi baadaye nikamwona dirishani amerudi. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni akachungulia kama hakuna wengine, akasema, "Mpwa, hebu njoo. Kuna kitu kimenichoma."

Sindano ilikuwa imetokeza pale pembeni, chini kidogo ya plasta yangu. Ilipenya suruali ikaingia pajani. Damu ilikuwa kidogo sana, ukubwa wa kichwa cha kiberiti. Nimeona damu kila siku ya maisha yangu ya kazi, lakini ile niliitazama kama sijawahi kuiona damu.

Nilifanya yote tunayofundishwa. Nilimwosha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Alitaka kupaminya, nikamkataza. Nilimpeleka mwenyewe kwenye chumba cha dawa za kinga. Zile sindano zilikuwa za watu wengi, hatuwezi kujua ipi ni ya nani na nani ana nini, kwa hiyo dawa lazima zianze mapema, na anywe mwezi mzima. Muuguzi pale ni rafiki yangu. Akampima, akakuta hana virusi vya UKIMWI, akampa dawa. Akamwambia atumie kondomu na mkewe mpaka vipimo vya mwisho vitoke. Kisha akanigeukia: "Ripoti ya ajali iko wapi? Mkuu wenu lazima asaini."

"Tutaileta," nikasema.

Tulipotoka nje, chini ya ukuta unaochuruzika maji, nilimshika Mjomba mkono. Nayaandika maneno yangu kama nilivyoyasema, ili nisije nikayapamba baadaye.

"Mjomba, hii tusiiripoti. Wakaguzi wanakuja, na mimi juzi tu nimepewa hiki cheo. Nitamwaga unga. Dawa umeshapata, na dawa ndiyo jambo lenyewe."

Alinitazama, akacheka kwa pua. "Kumbe unaogopa wewe kuliko mimi. Haya, mpwa. Lisifike kwa mtu."

Akarudi kulichoma lile boksi, na plasta yangu ikaungua nalo. Nilisimama dirishani mpaka nikauona moshi, na nilishukuru. Mungu anisamehe, nilishukuru.

20 Machi

Amekuja kazini. "Shikamoo, Mjomba." "Marahaba, mpwa." Kama kawaida.

27 Machi

Dawa zinamsumbua. Anasikia kichefuchefu, anaota ndoto za ajabu. Jana aliota tanuri limeingia nyumbani kwake na kudai chai. Tulicheka wote wawili, kisha akasema, "Yule Redio nikimkamata! Mdomo haufungi, na boksi vilevile hafungi vizuri."

Nilikuwa na nafasi kamili ya kusema kwamba boksi lilikuwa langu. Nikasema, "Anza kula kidogo kabla ya kidonge, kichefuchefu kitapungua."

Nikampa ushauri, tena mzuri. Ndivyo nilivyo.

2 Aprili

Mvua. Sijala. Muuguzi ameacha kudai ripoti, ananiamini. Mama anasema nimekonda na kuuliza kama kuna mwanamume. Ningependa awepo, ningemsingizia.

8 Aprili

Mkaza-mjomba amezikuta dawa. Mjomba alizificha kwenye droo ya cherehani bovu, mahali alipodhani fundi hafungui. Fundi gani asiyefungua droo yake! Dawa zile kila mtu anazijua, na kwa wiki kadhaa mumewe alikuwa amebadilika kitandani bila kusema kwa nini. Alikuwa ametunga kisa cha mgongo kuuma. Alipobanwa akaeleza habari ya sindano, lakini kwa kuwa kwanza alidanganya mgongo, sindano nayo ikawa uongo wa pili.

"Nimwambie aje akuulize wewe kazini?" Mjomba aliniuliza.

Nilianza kutafuta kisingizio. Alisema tayari amemwambia.

9 Aprili

Alikuja leo. Nataka kuandika polepole.

Nilikuwa kwenye hadubini. Mkuu alikuwa mezani kwake, Redio anabandika majina kwenye chupa. Mkaza-mjomba aliingia na mwavuli unaochuruzika, akauacha nje kwa adabu, akafuta miguu mara nyingi. Alivaa gauni lake la kutokea. Aliamkia wote, kisha akamuuliza Mkuu, kwa sauti ya mtu aliyefanya mazoezi njiani:

"Samahani, baba. Mume wangu anasema alichomwa na sindano hapa kwenu, mwezi uliopita. Nataka kujua tu kama ni kweli."

Mkuu alishangaa kweli, hakuigiza. Alifungua kabati, akapekua ripoti, akatikisa kichwa. "Mama, hapa hakuna ajali iliyoripotiwa. Ingekuwepo ningejua. Sisi tuna msimamizi wa usalama." Akaninyooshea kidole kwa fahari.

Yule mama akanigeukia. Alitazama koti langu, nadhani alitazama mfuko alioushona.

"Na wewe, mwanangu? Wewe ndiye mpwa wake. Hukusikia?"

Jicho langu lilikuwa bado kwenye hadubini. Sikuwa naona chochote, mwanga tu.

"Sijasikia, mama," nikasema.

Alishukuru. Ndiyo, alishukuru! Akasema asanteni, kazi njema, akatoka kuchukua mwavuli wake. Redio alinong'ona, "Masikini, wanaume hawa." Nikaenda kunawa mikono. Nilinawa mpaka ngozi ikakunjamana, wala sikuwa nimegusa sampuli.

10 Aprili

Amehamia kwa dada yake na cherehani lake.

11 Aprili

Mjomba alinisubiri nyuma ya tanuri. Kola yake haikupigwa pasi. Nilianza kulia kabla hajasema neno, na yeye akangoja nimalize, kama siku ile ya kwanza.

"Ulimwambia hujasikia."

"Mkuu alikuwepo, Mjomba."

"Sawa. Nilikuahidi, na zaidi ya mke wangu sijamwambia mtu. Lakini sasa mpwa, nenda kwake mwenyewe, kule kwa dada yake, umweleze kwa siri. Hatamwambia Mkuu. Anataka tu kujua kwamba sikuwa kwa mwanamke. Muuguzi anajua tuliyomwambia tu. Akisikia kwako ataamini."

"Nitakwenda. Wakaguzi wakishaondoka tu."

Alikubali. Hakunikasirikia hata kidogo. Laiti angenitukana! Bado anaamini boksi lilikuwa la Redio, na kwamba mimi namkinga mwenzangu na kulinda mkate wangu. Ananiona mwoga mwenye roho nzuri, na nusu ya hiyo ni uongo wangu.

16 Aprili

Mvua usiku na mchana. Nimetoka nikafika hadi mtaa wa dada yake. Nikasikia mlio wa cherehani ndani. Nikageuza.

23 Aprili

Wakaguzi wamekuja. Maboksi mapya yamefika pia, ya plastiki ngumu, hayalowi. Niliwatembeza nikiwa na beji. Niliwaonyesha friji ya sampuli isiyo na chakula cha mtu, chupa zilizobandikwa majina, klorini ya leo, mstari wa robo tatu. Mmoja aliuliza, "Mwaka huu mmekuwa na ajali ngapi za sindano?" Nikasema hakuna.

Akaandika kitu. Mkuu amenunua soda. Sikuweza kuimeza, nikaenda kuimwaga kwenye sinki, Redio akaniona.

"Wewe una nini siku hizi? Nilidhani ni beji, lakini beji haikondeshi mtu."

Nilimwambia ni malaria. Yeye ndiye aliyenipima. Hakuona wadudu, akaniletea uji jioni, aliougharamia mwenyewe. Nimekuwa nikimdharau binti huyu, na kumbe yeye hufunga boksi kabla ya mstari kwa sababu anamfikiria mtu wa kulibeba. Aliniambia hivyo, kwa maneno mepesi tu, akikoroga uji.

1 Mei

Wakaguzi waliondoka zamani. Sijakwenda.

4 Mei

Leo ilikuwa siku ya kipimo cha Mjomba, cha baada ya dawa. Aliomba nimpime mimi. "Mkono wako mwepesi," alisema, na sikuweza kumtazama.

Nilimtoa damu. Sindano nikaitumbukiza kwenye boksi jipya, bila kulitikisa. Nikadondosha damu kwenye kipimo, tukasubiri. Mjomba hakutazama kipimo, alinitazama usoni, maana alijua nitaona kwanza. Mstari mmoja ulitokea. Tulingoja muda wote unaotakiwa. Ukabaki mmoja.

"Huna kitu, Mjomba. Kimebaki cha mwisho, mwezi ujao, lakini dalili ni nzuri sana."

Aliinama akaweka paji la uso mezani. Kisha akaomba nimwandikie majibu kwenye karatasi yenye muhuri, akaikunja, akaondoka akikimbia mvuani kwenda kwa mkewe. Nilijiambia imekwisha. Mimi mwenyewe niliimba nikiosha vishikizi! Nilidhani nimeokoka bila kulipa.

5 Mei

Ameirudisha ile karatasi. Imelowa.

"Aliisoma yote," Mjomba alisema. "Akaniambia, 'Nafurahi huna ugonjwa. Lakini hii inasema huna ugonjwa, haisemi ulikuwa wapi.' Akaendelea kushona."

Hakuniomba tena niende. Hilo ndilo lililonivunja. Aliichukua ndoo ya taka akaondoka, mguu mmoja ukiburuzika kama ameongezewa miaka.

6 Mei

Nimekwenda.

Nilivaa koti la kazini juu ya nguo zangu, sijui kwa nini. Labda niliona nisimwendee kama mgeni mwingine. Dada yake alinifungulia akanipisha. Mkaza-mjomba alikuwa anashona sare za shule, na hakusimamisha mashine.

"Karibu, mwanangu. Kaa hapo, sogeza vitambaa."

Sikukaa. Nilipiga moyo konde nikasema kwa mkupuo, maana nilijua nikivuta pumzi nitaanza kupamba. Kwamba alichomwa kweli. Kwamba nilikuwepo, nilimwosha mwenyewe. Kwamba nilimwomba asiripoti. Kwamba siku ile alipokuja nilisema sijasikia, na nilikuwa nimesikia.

Mashine ilisimama.

"Na mume wangu alinyamaza ili akulinde wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Hata nilipofunga mizigo, akanyamaza?"

"Ulipofunga mizigo alikuwa ameshakuambia, mama. Ila hakuwa na shahidi. Shahidi nilikuwa mimi."

Alikata uzi kwa meno. Nilidhani nimemaliza. Ningeweza kuondoka hapo na angeniita mwoga, na mwoga husamehewa. Lakini aliuliza, "Hiyo sindano ilitokaje kwenye boksi?" Aliuliza kama fundi, mtu anayejua kwamba kitu hakichaniki bila sababu.

Nikamweleza. Mstari, mpini wa koleo, kona iliyolowa, plasta. Nikamwambia kwamba nilisifiwa. Nikamwambia Mjomba hajui, anadhani ni mwenzangu.

 Mvua ilikuwa imepungua na nilisikia watoto wanacheza kwenye madimbwi nje. Kisha akaanza kukunja sare moja moja na kuziweka kwenye kikapu.

"Mimi nitarudi kwangu leo," alisema. "Nitamwomba mume wangu radhi. Hayo ya sindano nitamwambia. Hayo ya plasta sitamwambia mimi. Hayo utayabeba mwenyewe mpaka kwake."

Nilipofika mlangoni aliniita. Nilidhani atanilaani. Alisema, "Huo mfuko umeanza kufumuka. Usiuvute."

7 Mei

Nilimkuta tanurini asubuhi. Kola imepigwa pasi! Aliponiona alinyoosha mikono yote miwili, "Mpwa wangu!" Akaanza kunishukuru. Ikabidi nimkatize katikati ya shukrani.

Nilimwambia lilikuwa boksi langu. Hakuelewa mwanzoni, akasema, "Zamu yako na ya Redio ni moja, makosa ni ya wote." Nikamwambia hapana, Mjomba, nilizikandamiza mimi, nililifunga plasta mimi, nilijua limelegea nikakupa ubebe. Nilijua siku ileile. Nilijua ulipomlaumu Redio. Nilijua kila kidonge ulichokunywa.

Mikono yake ilishuka taratibu. Alichukua koleo lake akachokonoa majivu, ingawa moto ulikuwa haujawashwa.

"Asante kwa kuniambia," alisema.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa Mkuu. Nilimweleza mbele ya Redio, kwa kuwa na yeye ananidai maelezo. Mkuu alipiga meza kwa hasira, kisha akaketi, nadhani akikumbuka ni nani aliyenisifu bila kuuliza nafanyaje. Ripoti imeandikwa. Nimepewa barua ya onyo na nimeondolewa kutoa damu mpaka nipate mafunzo upya. Beji nimeivua mwenyewe. Amevikwa Redio.

19 Mei

Mvua imekatika. Mafundi wamepanda darini.

3 Juni

Nimemaliza mafunzo, natoa damu tena. Mjomba namsalimia kila siku. Anaitikia kila siku. Hana kinyongo usoni, ananipisha mlangoni, ananiuliza kama nina taka. Mama anasema nimeanza kula. Kweli, nakula.

20 Juni

Kipimo cha mwisho cha Mjomba kimetoka. Redio ndiye aliyempima. Mimi nilikuwa chumba cha pili nasafisha vishikizi, maji nimeyafunga ili nisikie. Nikasikia Redio anasema, "Mzee, uko salama kabisa, nenda kamwambie mama," na mlango wa nyuma ukafunguliwa, na mkaza-mjomba alikuwa anamsubiri palepale nje, sikujua. Niliwaona dirishani. Hawakukumbatiana, umri wa hayo umewapita. Alimnyoosha kola tu.

Baadaye alirudi kuchukua taka. Boksi lilikuwa kwenye mstari, si juu ya mstari. Nilikuwa nimelifunga na kuandika jina langu juu, kubwa, lisomeke. Aliligeuza huku na huku akakagua kona zote nne, kisha akalibeba kwa mpini, mbali na mwili wake.

"Shikamoo, Mjomba," nikasema.

"Marahaba, daktari," akajibu, akatoka nalo.